Mlango wa vioo vidogo vidogo: fito za kweli au za kubandika?

Swali: "Shikamoo fundi. Najenga Pongwe, nje kidogo ya Tanga. Nyumba tuliyokulia Raskazoni ilikuwa na mlango wa barazani wenye vioo vidogo vidogo, na nautaka wa namna hiyo kutoka sebuleni kwenda barazani. Nafasi ndani ya fremu ni milimita 900 kwa 2100. Nimechora vioo 10, safu tano za viwili viwili. Fundi wangu anasema niweke kioo kimoja kikubwa kisha abandike fito, vile vijiti vinavyogawa vioo, juu yake, utaonekana vilevile na gharama itapungua. Mwingine anasema anaweza kuutengeneza kweli, ila baada ya mwaka utashuka tu. Nina watoto wawili wadogo. Nimfuate nani, na mlango wenyewe utengenezwe vipi?"

Marahaba, mwanangu. Mafundi wako wote wawili wana chembe ya ukweli. Wa kwanza anajua kuwa vioo vingi ni kazi nyingi. Wa pili ameiona milango ya aina hiyo ikishuka. Hata mimi nimeiona, na mmoja niliutengeneza kwa mikono yangu. Ila wote wameruka jambo moja. Mlango wa vioo hushuka kwa sababu ya viungo vyake na unyevu wa mbao zake. Vioo vyenyewe ni abiria tu, na abiria hasukumi gari.

Fito za kubandika si za kudharau. Unachukua kioo kimoja, kwa mlango wako kama 672 kwa 1744, unakiweka kwenye fremu ya mbao nne, kisha unagandisha fito nyembamba pande zote mbili. Siku chache kazi imekwisha. Lakini kaa mbele yake jioni, jua likiteremka. Kioo kimoja kinaakisi mwembe mmoja mzima, na fito zinaelea juu yake kama mistari ya penseli. Vioo vilivyokaa kila kimoja kwenye chumba chake havilali sawa hata ukijitahidi vipi. Kimoja kimeinama kiasi cha unywele, cha pili kimeinuka, basi ule mwembe unavunjika vipande na kuchezacheza unapopita. Nadhani hicho ndicho unachokikumbuka Raskazoni. Halafu kuna gundi. Ufito uliogandishwa kwenye kioo cha barazani, Tanga, unachomwa na jua la kaskazi, unanyonya maji ya masika, unajikunja, na ncha yake moja huachia kabla ya nyingine. Na siku mpira wa mtoto ukiupiga mlango, unanunua kioo cha zaidi ya mita moja ya mraba, pale ambapo ungenunua kipande cha kubeba kwapani.

Hata hivyo, kama fundi hana mazoea ya kukata viungo, ningependelea fito zilizobandikwa vizuri kuliko fito "za kweli" zilizoshikizwa kwa misumari. Hizo za misumari ndizo zilizomtia hofu fundi wako wa pili, na ana haki ya kuogopa.

Mtindo wenyewe ulianza Ulaya, enzi kioo kikipulizwa kwa mdomo, na kipande kikubwa kilichonyooka kilikuwa hakipatikani au bei yake haishikiki. Njia ya kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, ambayo ndiyo inayotupa vioo vikubwa laini vya leo, kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959 tu. Kwa hiyo waliotengeneza milango ya kale walikuwa wanapunguza ukubwa wa kioo kwa lazima, na uzuri ukaja wenyewe. Sisi tunaufuata uzuri bila ile lazima, na hapo ndipo watu hukosea vipimo.

Tupige hesabu ya kwako. Kutoka 900 kwa 2100 toa 3 kila ubavu, 3 juu, na 8 chini, maana chini kuna vigae na mchanga. Mlango unabaki 894 kwa 2089. Mbao mbili za kusimama, kila moja upana wa 117, zinaacha 660 katikati. Ufito mmoja wa kusimama wa 28 unaacha 632, yaani 316 kila upande. Sasa kwa urefu: ubao wa kulala wa juu 117, wa chini 240, kati yake 1732. Kwa safu zako tano, fito nne zinakula 112, na kila kioo kinapata 324. Tazama hizo namba: 316 kwa 324. Karibu mraba, na mraba kwenye mlango mrefu huonekana kama umekaliwa. Punguza ziwe safu nne. Fito tatu zinakula 84, kila kioo kinapata 412, na 316 kwa 412 ni kioo kinachosimama. Vioo vinane basi. Ukitaka vioo vyembamba zaidi, nenda 15, vitatu kwa safu tano, kila kimoja 201 kwa 324. Mlango huo unapendeza kuliko yote, lakini mahali fito zinapokatana panaongezeka kutoka 3 hadi 8, na kila makutano ni kazi ya patasi. Kwa fundi anayejaribu mara ya kwanza ningesema vinane.

Usikubali mtu apunguze ule ubao wa chini wa 240 ili kioo kiwe kirefu zaidi. Ndio unaopigwa teke, ndio unaorushiwa maji ya mvua, na kiungo chake kipana ndicho kinachouzuia mlango usiiname upande wa kitasa.

Mbao. Ningekuwa wewe ningechukua mninga: haujikunji ovyo, unarandika vizuri, uzito wake wa kadiri. Mkongo ni imara sana lakini mgumu, na utailemea bawaba. Mvule watu wa pwani tunaupenda tangu zamani, ila ndani yake huwamo chembe za chokaa ngumu kama jiwe zinazomega makali ya randa, na vumbi lake linawasha pua na macho, fundi avae barakoa. Msaji uko jirani yako kabisa, shamba la Longuza pale Muheza. Kwa mvua ni mbao bora, lakini una mafuta, lazima viungo vipanguswe kwa thina kabla tu ya kupaka gundi. Paini ya Sao Hill niachie kwa ajili ya kenchi. Ukinunua mninga au mkongo, dai risiti na hati ya usafirishaji inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, usije ukakamatwa njiani na mbao za watu wengine zisizo na karatasi. Vipande vitatu vya inchi 2 kwa 6 vya futi 12 vinatosha kwa hesabu, na ubao wa chini utaunganishwa kwa gundi kutoka vipande viwili. Nunua vinne. Daima kuna kimoja kitakachojionyesha kimepinda baada ya kupasuliwa.

Sasa unyevu. Muuzaji atakwambia mbao "zimekauka, zimekaa hapa muda mrefu". Zimekaa, ndiyo, zikiwa zimerundikwa moja juu ya nyingine bila hewa kupita katikati. Usibishane naye, pima. Kata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka kati ya ubao, si kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema na kukudanganya. Kipime kwa mizani ya jikoni. Kitie kwenye oveni, nyuzi 100 hivi, ukitoe kila baada ya saa na kukipima hadi uzito ugome kushuka. Tuseme kilianza gramu 180 kikaishia 156. Kimepoteza 24, gawa 24 kwa 156, unapata kama asilimia 15. Hapo ndipo mbao hutulia kwa hewa ya pwani. Ukipata 25, zipange kivulini, juu ya matofali, na vijiti katikati, kisha subiri. Inchi mbili za mbao ngumu zinataka miezi, siyo wiki. Na kama mlango ungekuwa wa kwenda Dodoma ningekwambia ushuke hadi asilimia 10 hivi, maana huko hewa kavu itauendeleza pale ulipoachia.

Ninasisitiza kwa sababu niliwahi kulipia. Nilikuwa fundi mchanga, mteja ana harusi, ana haraka. Mbao nilinunua Ijumaa, Jumatatu niko kwenye randa. Vioo nikavikata viingie kwa kubana, tena nikajisifu kwamba hata wembe haupiti. Kiangazi kilipofika mbao zikanywea, viungo vikaachana, mlango ukaanza kuburuza sakafuni, na vioo viwili vya chini vikapasuka pembeni usiku bila mtu kuvigusa. Ubao wa upana wa 240 ukinywea asilimia 1 tu, umepungua milimita 2.4. Kioo hakijui kunywea.

Tuje kwenye viungo, na hapa nitakaa kidogo, uweze kumuuliza fundi maswali ya maana. Mbao zikisharandwa zina unene wa 45. Ugawe mara tatu: 15, 15, 15. Theluthi ya kati ni ya ulimi, yaani ncha ya ubao wa kulala iliyopunguzwa unene, na tundu lake kwenye ubao wa kusimama. Pale ulimi unapoanzia, mbele na nyuma, panabaki bega linaloegemea ubao wa kusimama. Kando ya ubao, upande utakaotazama kioo, inakatwa ngazi ya kukalia kioo: upana 9, kina 30 kutoka nyuma. Theluthi ya mbele inabaki kama mdomo unaokishika kioo kwa nje. Ukiipanga hivi, ukingo wa ngazi unakutana na uso wa ulimi kwenye mstari mmoja na kila kitu kinakatwa kwa vipimo viwili tu vya penseli.

Kosa la kawaida linakuja mara tu ngazi inapokatwa. Ubao wa kusimama sasa una kingo mbili. Ya mbele iko palepale. Ya nyuma imerudi ndani milimita 9. Basi ubao wa kulala hauwezi kuwa na mabega yanayolingana. Kutoka bega la mbele hadi bega la mbele la upande wa pili ni 660. Kutoka bega la nyuma hadi la nyuma ni 678. Fundi aliyezoea vitanda na viti atakata mabega sawa kwa sawa, atafunga mlango, atageuza nyuma, na kila kona itamtazama kwa shimo la milimita 9. Dawa yake huwa unga wa mbao na gundi, kisha rangi nzito. Shimo lile linafichwa, lakini ulimi umebaki bila bega la kuegemea upande mmoja, na mlango wenye bega moja ndio unaoshuka baada ya mwaka. Kwa hiyo kabla hujatoa senti ya malipo ya awali, muulize: "Bega la nyuma utalirefusha kiasi gani?" Akikujibu "kiasi cha upana wa ngazi" bila kukuna kichwa, kazi anaijua.

Ubao wa chini, kwa upana wake wa 240, usipewe ulimi mmoja mpana. Ulimi kama huo hunywea ndani ya tundu na kulegea, na tundu refu namna hiyo linaukata ubao wa kusimama karibu upasuke. Zikatwe ndimi mbili za 75, kati yake nafasi ya 45, na chini libaki bega la 36. Ubao wa juu nao ulimi wake usifike kwenye ncha. Uachiwe kama 35 kwa juu. Na mbao za kusimama, wakati wa kazi, ziwe ndefu kuliko mlango kwa milimita 50 kila ncha. Hizo pembe zinaokoa ncha zisipasuke wakati wa kuchimba tundu na kugonga kabari, kisha zinakatwa mwisho kabisa. Fundi anayekata pembe mapema ana haraka ya kwenda nyumbani.

Mimi hupenda ulimi unaopenya hadi nje ya ubao wa kusimama, tundu likapanuliwa kidogo upande wa nje, milimita 3 juu na 3 chini, halafu kabari mbili nyembamba za mbao ileile zikagongwa na gundi. Ulimi unatanuka kama mkia na hauwezi kurudi. Mwisho wa ulimi utaonekana kwenye unene wa mlango kila ukifunguliwa. Wapo wanaoliona hilo kuwa ushamba. Mimi naliona kuwa saini. Gundi iwe ya nje, isiyoyeyuka kwa maji. Ile nyeupe ya kawaida ya shuleni haifai kwenye mlango unaorushiwa mvua.

Kabla ya gundi, kila kitu kifungwe kikavu. Pima kona hadi kona: kwa mlango wako, baada ya kukatwa pembe, pande zote mbili zisome 2272. Pembe zikiwa bado hazijakatwa, pima kutoka kwenye mistari ya mwisho wa mlango. Kisha weka vipande viwili vya mbao vilivyonyooka kabisa, kimoja kikilala kukatiza mlango kwenye ncha yake ya juu na kingine kwenye ncha ya chini, uchuchumae na kuvitazama kwa jicho moja. Visipokuwa sambamba, mlango umejipinda, na huo hausahihishwi na bawaba wala kitasa. Fungua, tafuta bega lililosimama vibaya, rekebisha kwa patasi.

Fito zina hila yake, na ni tamu ukiielewa. Ufito wa 28 ukikatwa ngazi ya 9 pande zote mbili, ukiutazama kwa ncha una umbo la herufi T: mbele mdomo wa 28 kwa 15, nyuma yake mgongo wa 10 kwa 30. Pale ufito wa kusimama unapokutana na wa kulala, usikate mmoja ukaubandika kwenye mwingine. Ufito wa kusimama ukatwe mgongo tu, pengo la 10, mdomo wake ubaki mzima. Wa kulala ukatwe mdomo tu, pengo la 28, mgongo wake ubaki mzima. Ukivikutanisha, mmoja unapita kwa mbele na mwingine kwa nyuma, na hakuna uliokatika. Ncha za fito ziingie kwenye mbao kubwa kwa kijilimi cha milimita 20, na ile kanuni ya bega refu la nyuma ipo hapa pia. Kingo za mbele ziachwe za mraba, zikipunguzwa ukali kwa msasa tu. Ukitaka nakshi ya mviringo kwenye kingo, kila makutano yatataka kuchongwa yafuatane, na bei ya fundi itapanda kwa haki.

Mbona nasema kioo ni abiria? Kwa sababu kwenye milango ya alumini yenye kioo kimoja kikubwa, kioo hukazwa kwa vipande vya plastiki kona ya chini kwenye bawaba na kona ya juu kwenye kitasa, kikageuka kuwa mhimili unaozuia mlango kuinama. Fundi wako wa kwanza huenda anaifikiria hiyo. Kwa vioo vinane hila hiyo haipo. Kila kioo kinacheza peke yake, na uzito wote unabebwa na zile kona nne.

Sasa kioo chenyewe, na hapa watoto wako ndio wanaoamua. Kioo cha kawaida cha milimita 4 au 5 kikivunjika kinatoa visu. Kwenye mlango, tena hadi chini karibu na goti la mtoto, usikiweke hata ukipewa bure. Kuna njia mbili salama. Kuna kioo kilichochomwa kikapozwa ghafla, kinachovunjika kuwa punje. Hicho kikishachomwa hakikatwi tena, hivyo kosa la milimita 2 ni kioo cha kutupa. Na kuna kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati, mara nyingi unene wa 6.38, ambacho kikivunjika kinabaki kimeshikana, na mwizi pia kinamsumbua. Hiki hukatwa na fundi vioo wa kawaida, ndicho ninachokushauri. Vioo vyako vinane vya aina hii vitafika kama kilo 17, na mlango mzima wa mninga kama kilo 40.

Usiagize kioo kwa kutumia mchoro. Subiri mlango uwe umefungwa kwa gundi, kisha pima kila chumba kimoja kimoja na ukiandike namba. Kwa hesabu chumba ni 334 kwa 430 ndani ya ngazi. Kioo kiwe 328 kwa 424, yaani nafasi ya milimita 3 kila upande. Fundi atakwambia ni kubwa mno. Mwambie ndiyo hiyo hiyo. Chini ya kila kioo viwekwe vipande viwili vidogo vya plastiki au mpira mgumu vya milimita 3, kila kimoja karibu na kona, kioo kikalie hapo na kisiguse mti.

Ngazi zipakwe rangi au vanishi kabla kioo hakijaingia, baadaye hapafikiki. Kwenye mdomo wa mbele weka utepe wa povu au mstari wa silikoni, weka kioo, kisha kibanio, ule ufito mdogo wa mbao unaokishikilia kioo, kwa nyuma, nyuma ikiwa ndani ya nyumba. Vibanio vikiwa barazani, mwenye bisbisi na dakika tano anaingia bila kelele. Silikoni inunuliwe kwa pua: ile inayonuka siki iache dukani, maana asidi yake huushambulia utando wa kioo cha tabaka mbili na baada ya muda kingo zinaingia ukungu mweupe. Uliza isiyo na harufu ya siki. Puti ya mafuta waliyotumia wazee nayo haifai kwa kioo hiki, maana mafuta yake nayo huuharibu ule utando.

Vibanio vishikizwe kwa misumari midogo ya shaba, na tundu la kila msumari litobolewe kwanza kwa keekee yenye ncha nyembamba. Angalia urefu. Kibanio kina 9, mgongo wa ufito una 10, jumla 19. Msumari wa 25 utatokea kwenye chumba cha jirani na kugusa kioo cha pili. Msumari wa 15 unatosha, na wa upande huu usikutane na wa upande ule. Usipake gundi kwenye vibanio, siku moja utataka kuvitoa.

Kitasa: fito zako za kulala, ukipima kutoka chini ya mlango hadi katikati ya ufito, ziko 666, 1106 na 1546. Fundi wa kitasa akichimba kwa mazoea yake kwenye mita moja na kitu, sanduku la kitasa linaweza kuukata ule ulimi wa 1106. Kishuke, mkono uwe 950 hivi, na uweke alama mwenyewe kwa penseli kabla hajafika. Bawaba ziwe nne za inchi 4, za shaba au chuma kisichoshika kutu, mbili kati ya hizo karibu karibu juu, maana juu ndiko mlango unakovuta. Chuma cha kawaida na chumvi ya Tanga huijui ahadi yao, kaulize mageti ya Raskazoni. Kabla ya kuning'iniza, timazi ishushwe kwenye miimo yote miwili ya fremu. Mwimo uliolala milimita 5 utaufanya mlango mzuri ujifungue wenyewe, na lawama zitakwenda kwa seremala.

Kwa rangi, vanishi inayong'aa kwenye mlango unaopigwa na jua la jioni huanza kubanduka mapema. Mafuta ya mbao yanayorudiwa kila mwaka, au rangi nzuri ya nje, vinastahimili zaidi. Lolote utakalochagua, ncha ya juu na ya chini zipakwe mara mbili kabla mlango haujaning'inizwa. Hizo ndizo zinazokunywa maji, na ndizo mchoraji rangi asiyeziona huziacha. Kwenye ubao wa chini, kwa nje, weka kipande cha mbao chenye mteremko na mfereji mdogo chini yake, maji ya masika yadondoke nje badala ya kutambaa kuingia sebuleni.

Kama fundi wako wa pili anakubali, mwombe akutengenezee kwanza kona moja tu kutoka mabaki: kipande cha kusimama, kipande cha kulala, ngazi, ulimi na bega refu. Mlipe siku yake. Kikiwa kimefungwa kikavu bila gundi na ukakiinua kwa ncha moja kisiachie, mpe mlango. Na ukienda kukata vioo, kata kumi. Viwili vya akiba vifunge kwa gazeti, andika juu yake namba za vyumba na vipimo, uvisimamishe nyuma ya kabati ambako mpira haufiki.